Ultraman Nexus: ugomvi wa fainali yake uko wapi hasa?

Mashabiki wa Ultraman wakikaa pamoja kuna sirizi moja ukiitaja tu lazima kelele zianze, nayo ni Ultraman Nexus. Mmoja atakwambia fainali yake ndo bora kuliko zote tangu 1966, mwenzake pembeni anacheka kwa dharau, anasema ile sio fainali, pale watu walikuwa wanafunga duka na mteja bado yuko ndani. Na wote wawili wanaongelea episodi ileile moja, ya 37, iliyorushwa Japani tarehe 25 Juni 2005. Miaka zaidi ya 20 imepita na bado wanavutana. Sasa nataka nilifungue hili fundo kwa wale mnaokuta watu wanarushiana maneno na hamjui chanzo ni nini, maana ukiwasikiliza vizuri hawa watu hata hawabishanii kitu kimoja. Naonya mapema, humu namwaga kila kitu, nani anakuwa nani, nani anakufa, nani alikuwa adui siku zote, kwahiyo kama una mpango wa kuitazama ishia hapa, ukaitazame kwanza.

Kwa asiyejua kabisa: Ultraman ni jitu la fedha na nyekundu linalotoka angani, linaungana na binadamu, halafu zimwi likija kubomoa mji yule binadamu anageuka jitu anapigana nalo. Kampuni inayotengeneza ni Tsuburaya Productions, iliyoanzishwa na Eiji Tsuburaya, yule mzee aliyefanya ifekti za Godzilla. Sirizi ya kwanza ilianza kwenye televisheni ya TBS ya Japani Julai 1966 na ikaweka utaratibu ambao umefuatwa miaka nenda rudi: kila wiki zimwi jipya, kikosi cha ulinzi kinahangaika, jitu linatokea lina dakika kama tatu tu, linapiga mwale, zimwi linalipuka, mtoto analala na furaha. Wengi wetu tulikulia na Power Rangers ambayo nayo asili yake ni Japani, kwahiyo mambo ya mtu kuvaa suti akapigana katikati ya maghorofa ya kutengeneza sio mageni kwetu.

Nexus ikaja Oktoba 2, 2004 ikaamua kuutupa utaratibu wote huo dirishani.

Ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa ulioitwa Ultra N Project, wenye majitu matatu ambayo yote jina linaanza na N. Noa ndo lile la hadithi za kale, The Next likapewa muvi yake iliyotoka Desemba 2004, na Nexus akapewa televisheni. Siri ya mradi ni kwamba wote watatu ni jitu moja katika hali tofauti za nguvu zake, na hii ikae kichwani maana fainali yote imeegemea hapo. Mwandishi mkuu wa sirizi alikuwa Keiichi Hasegawa, mtu ambaye alishaandika Ultraman kabla, sio mgeni wa hizi kazi.

Mhusika mkuu anaitwa Komon Kazuki, kijana aliyekuwa kwenye kikosi cha uokoaji, ghafla anahamishiwa kwenye shirika la siri linaitwa TLT ambalo lina kikosi cha kupambana na mazimwi, Night Raider. Mazimwi yenyewe sio yale ya kubomoa mnara na kuunguruma. Haya yanakula watu, na kinachoyavuta ni hofu ya binadamu, ndo maana TLT wanaficha kila kitu na kuna kitengo kizima kazi yake ni kuwafuta kumbukumbu walioona. Yaani mtu kafiwa na familia nzima na kesho yake hakumbuki kilichowaua. Na hii ilikuwa inarushwa Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, muda ambao mtoto wa Japani yuko na bakuli la kifungua kinywa. Mi nikifikiria hiyo ratiba huwa nacheka, maana sijui nani alikaa kikao akasema naam, hii itafaa hapo.

Na Komon sio Ultraman. Hapa ndo watu wengi walipotea. Ultraman ni Himeya Jun, mpiga picha wa zamani wa vitani anayetembea na donda la binti mdogo aliyekufa mbele yake, mtu kimya, amechoka, kila akipigana mwili unazidi kuharibika. Komon yeye anaangalia tu, anauliza maswali, anaumia. Himeya anabeba karibu theluthi mbili ya sirizi, halafu anaondoka na mwanga unahamia kwa Senju Ren, kijana mcheshi anayefanya kazi kwenye bustani ya michezo, ambaye alitengenezwa kisayansi awe na akili kubwa na sasa vinasaba vyake vinamuua taratibu. Mwanga unahama kutoka mtu kwenda mtu kama urithi. Wazo hilo halikuwa limewahi kubeba sirizi nzima ya Ultraman namna hii, na ukweli ni zuri sana. Tatizo ni kwamba linahitaji muda, na muda ndo kitu ambacho hawakupewa.

Kilichotokea ni biashara. Watazamaji walikuwa wachache, midoli haikutoka madukani kama ilivyotarajiwa, na Ultraman ya televisheni inaishi kwa midoli, hilo halina aibu, ndo mfumo wenyewe ulivyo. Sirizi ilipangwa ifike kama episodi 50, ikakatwa, ikaambiwa iishie 37. Wiki iliyofuata tu, Julai 2, Ultraman Max akaingia hewani, yule mwekundu wa kizamani, zimwi jipya kila wiki, jua linawaka, kila mtu anatabasamu. Ukizitazama zote mbili mfululizo unaelewa ujumbe waliotumiwa kina Hasegawa bila hata barua kuandikwa.

Sasa tofautisha kukatwa kwa namna mbili. Kuna daladala linalokatisha ruti, linawashusha abiria njiani, kila mtu ajijue. Na kuna lile ambalo dereva kachelewa, anafika mpaka mwisho wa ruti ila anaruka vituo vyote vya katikati, we uliyetaka kushuka sokoni unajikuta stendi kuu. Nexus ni hii ya pili. Walijua mapema wanakatwa, kwahiyo wakapata nafasi ya kupanga safari iliyobaki, na wakachagua wafike mwisho uleule waliokuwa wanaelekea. Ugomvi wote ni kuhusu vile vituo.

Tuviangalie. Cha kwanza ni Ishibori. Huyu ni mchambuzi wa data kwenye Night Raider, yupo tangu mwanzo, mpole, hana makuu, yuko pale anasoma kompyuta. Kwenye episodi mbili za mwisho inafunuka kwamba yeye ndo Dark Zagi, jitu jeusi lililokuwa nyuma ya kila kitu, aliyewachezesha kina Mephisto na Faust, majitu meusi ya upande wa adui, kama vibaraka na kupanga mambo miaka mingi ili aupate mwanga autumie kurudisha mwili wake. Kambi moja inasema huu ni usaliti mtamu kuliko wote kwenye historia ya Ultraman, maana ukirudi nyuma ukatazama upya unamuona yuko pale kila mara mambo yanapoharibika. Kambi nyingine inasema sapraizi sio kazi ngumu kama hujamjenga mtu, ukichukua yeyote aliyekaa kimya chumbani ukasema kumbe ni yeye lazima watu washtuke. Mi naona wote wana hoja. Dalili zipo, ila nyingi ni za aina ambayo unaziona ukishajua tayari. Kama zile episodi zilizokatwa zingekuwepo nadhani huyu ndo angefaidika kuliko wengine, kwasababu kinachokosekana sio dalili, ni mtu mwenyewe. Zagi anataka nini? Historia yake, kwamba alitengenezwa na viumbe wa sayari nyingine kama nakala ya Noa ili apigane na mazimwi, akajitambua kwamba yeye ni nakala, akageuka, ni historia nzuri ajabu, hasira yake ina maana kabisa. Kwenye televisheni inapita mbio mno. Shabiki aliyeipata kwenye maandishi ya pembeni anamheshimu Zagi, aliyetazama sirizi tu anaona bazazi aliyechelewa kufika kwenye stori. Hapo tayari una watu wawili wanaobishana na kila mmoja ana Zagi wake kichwani.

Cha pili ni Nagi, na hapa mi nina kinyongo. Saijo Nagi ni makamu kapteni wa Night Raider, mwanamke mkali, mama yake aliuawa alipokuwa mdogo, anayachukia mazimwi na kwa muda mrefu anamchukia hata Ultraman mwenyewe, kwake yeye vyote ni vilevile. Safari yake kutoka kumlenga Ultraman bunduki mpaka kumwamini ndo safari ndefu kuliko zote kwenye sirizi nzima. Halafu mwanga wa Ren unakuja kwake. Unakaa vizuri kwenye kiti unasema haya, sasa tunaanza, na Ishibori anajitokeza anamwambia yeye ndo aliyemuua mama yake, makusudi, ili chuki ikue ndani yake, na Nagi anageuka jitu kwa hasira, na hasira ndo mtego wenyewe, mwanga unanyonywa kupitia mtambo wa kufutia kumbukumbu na Zagi anazaliwa upya. Imeisha. Hapati hata pambano moja kamili. Watetezi wanasema hiyo ndo maana yake, chuki haiwezi kubeba mwanga, na ni kweli inaeleweka. Lakini kuelewa sababu hakuondoi kwamba mtu aliyefanya kazi ngumu kuliko wote alipewa dakika chache na wanaume watatu wakapewa majitu yao. Na hapa siwezi kulaumu kukatwa moja kwa moja, maana naona hata kwenye episodi 50 mtego ungekuwa uleule, labda tu angepata wiki mbili za kupumua kabla.

Cha tatu ndo chenyewe, Komon. Episodi 36 nzima jina la kwanza kwenye majina ya waigizaji ni mtu ambaye sio Ultraman. Kwenye ya 37 anaingia gizani kumtoa Nagi, anampata, na mwanga unahamia kwake. Anageuka. Anasimama Shinjuku usiku mbele ya Zagi na anaanza kupanda hatua, ile hali ya kwanza ya fedha, halafu nyekundu ya Himeya, halafu bluu ya Ren, halafu Noa mwenyewe, jitu la fedha lenye mabawa mgongoni ambalo mradi mzima uliahidi. Kila rangi ni mtu aliyebeba mwanga kabla yake. Karibu sirizi nzima mapambano yalikuwa yanafanyika kwenye ulimwengu wa pembeni ambao jitu linaufungua, kwahiyo watu wa kawaida hawakuona kitu na wachache walioona walifutwa, na hapa kwa mara ya kwanza jitu liko mjini hadharani na watu wanaangalia juu na wanakumbuka. Jiji zima lilikuwa limelazimishwa kusahau.

Wanaoipinga wanasema Noa alimchapa Zagi kirahisi mno, adui wa sirizi nzima anaenda chini kwa dakika chache. Ni kweli, pambano ni fupi. Ila hapo nadhani wanapima kwa rula ya sirizi nyingine. Nexus haikuwahi kuuliza nani ana nguvu kuliko nani, ilikuwa inauliza kwanini mtu aendelee kusimama, na Komon amejibu hilo wiki 37 bila kuwa na mwale wowote mkononi. Alifiwa na Riko, mchumba wake, na vibaya zaidi akagundua Riko alikuwa ametumiwa na adui muda wote, na bado akarudi kazini. Kwahiyo akija kugeuka mi siulizi kama amestahili. Nauliza kama dakika zile zinatosha, na hapo ndo nasema hapana, zilihitaji hata episodi moja zaidi, akae na huo mwanga siku mbili tatu tujue anauonaje.

Epilogo nayo inagawa watu. Tunaonyeshwa mwaka mmoja baadaye, mazimwi hayajaisha, kikosi bado kinafanya kazi, ila siri imetoka na dunia inajua. Ren kapata dawa, yuko na mpenzi wake. Wengine wanasema ni kufunga kwa haraka, kila mtu kagaiwa furaha yake kwa sekunde kumi. Mi ile ya mazimwi kutokuisha naipenda sana, maana Ultraman wengi wanapoondoka dunia inabaki safi kama vile hakukuwa na tatizo.

Sasa ukiacha vituo, kuna kitu kikubwa zaidi kinachowagawa hawa watu nacho ni lini walitazama. Aliyekuwa anasubiri kila Jumamosi 2004 na 2005 alipitia miezi ya giza. Zimwi moja lilichukua wiki mbili tatu kuisha, Himeya anateseka, Komon analia, na episodi ya kwanza kabisa jitu linatokea mwishoni tu. Huyu mtu alivumilia akiamini malipo yapo mbele, halafu malipo yakaja yamepunguzwa. Hasira yake ni ya mtu aliyedaiwa uvumilivu akautoa. Aliyekuja kutazama baadaye, zote 37 kwa wiki moja, anajua tangu mwanzo kwamba ilikatwa, anaisubiri fainali mbaya, na anakuta fainali inayoshikika. Huyu anashangaa wenzake walikuwa wanalia nini. Kwake ule mwendo wa mwisho wa haraka ni nafuu baada ya mwanzo mzito. Ukinibana nitasema mwendo wa mwanzo ndo ulioiua sirizi, na fainali inabeba lawama ya episodi kumi za kwanza ambazo hakuna mtu ana nguvu ya kurudi kuzilaumu.

Na msidhani ugomvi wa fainali ni ugonjwa wa sirizi zilizokatwa tu. Ya 1966 yenyewe ilikuwa inatazamwa na nchi nzima, ikaisha Aprili 1967 kwa sababu timu ilishindwa kwenda na kasi ya utengenezaji, na ikaishaje? Zimwi la mwisho, Zetton, likamuua Ultraman, halafu binadamu wakammaliza Zetton kwa silaha yao wenyewe. Watoto walibaki midomo wazi. Na juzi juzi Ultraman Blazar, iliyoisha Januari 2024 na episodi 25 kama ilivyopangwa, ilileta mzozo wa aina nyingine kabisa: vita na wale wageni wa angani inaisha kwa binadamu kushusha silaha na kuzungumza, Blazar anapiga mwale kwa mara ya kwanza kwenye sirizi nzima, na wapo waliotoa machozi na wapo waliouliza sawa, ila huyu Blazar mwenyewe katokea wapi na mbona hatujaambiwa vya kutosha. Pale hakuna wa kumlaumu kwa kukata, ni uamuzi wa dairekta Kiyotaka Taguchi na wenzake. Nexus inawapa mashabiki kisingizio ambacho Blazar haiwapi, kila kasoro unaweza kuitupia kwenye zile episodi ambazo hazikutengenezwa, na episodi ambayo haipo huwa haina kasoro hata moja. Ndo maana huu mjadala hauwezi kushindwa na upande wowote, maana upande mmoja unalinganisha kitu kilichopo na kitu cha kufikirika.

Jina lenyewe halikufa. Tsuburaya walimrudisha Noa kwenye muvi ya Ultraman Zero ya Desemba 2010, ndo anayempa Zero ile silaha yake ya kusafiria kati ya ulimwengu na ulimwengu, kwahiyo jitu la sirizi iliyofeli kibiashara likawa msingi wa shujaa anayeuza kuliko wengi wa kizazi hicho. Halafu 2015 kwenye episodi ya 20 ya Ultraman X, zimwi la aina ya yale ya Nexus linatokea na mwanga unashuka kuchagua mtu, na mtu wenyewe ni Asuna, askari wa kike wa kikosi cha Xio. Anageuka, anapigana pambano zima, anashinda, na mwanga unaondoka kwake kwa amani kwenda kwa mwingine. Hakuna mtu aliyesema hadharani kwamba hii ni fidia ya Nagi na mi sidai hivyo, ila ukiwa umeitazama Nexus halafu ukamwona Asuna amesimama pale kwa miguu yake na mwanga haujaporwa, ni ngumu sana kuisoma kwa namna nyingine.